KOITALEL ARAP SAMOEI NA MABARAZA YA NANDI

Mtu wa pwani akiingia mji mgeni, la kwanza huuliza msikiti uko wapi, na la pili huuliza wazee wa mji wamezikwa wapi. Ndiyo desturi yetu tangu Lamu hadi Vanga. Nami nilipofika Eldoret, miaka mingi sasa, nikiwa nimejitanda mashuka mawili kwa ile baridi ambayo mtu wa Mombasa haizoei maisha yake yote, niliuliza vivyo hivyo. Msikiti nilionyeshwa. Lakini kuhusu mzee wa mji, kila niliyemuuliza alinitajia jina la mtu ambaye mji huu hakuuona hata siku moja.

Mtu huyo ni Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi. Aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905. Makaburu waliokuja na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, wakiongozwa na Van Rensburg, walifika uwanda huu wa Uasin Gishu mwaka 1908. Posta ilifunguliwa mwaka 1910 katika shamba lililoandikwa nambari 64, na ndiyo sababu wenyeji mpaka leo wanauita mji huu Sisibo, yaani nambari hiyo ya Kiingereza ikitamkwa kwa ulimi wao. Jina la Eldoret lilikuja mwaka 1912. Kwa hiyo marehemu alikuwa amekwisha lala kaburini miaka mitatu kabla magari hayo ya Van Rensburg hayajapita hapa. Hata hivyo wenyeji wanamhesabu kuwa ndiye mwenye mji, nami baada ya kuchunguza habari zake nimeona hawakukosea. Uwanda huu ulikuwa malisho ya Wanandi tangu Wamaasai wa Uasin Gishu walipovunjwa na vita vya wao kwa wao katika karne ya 19. Lau Koitalel hangaliuawa na watu wake kusukumwa kando, Makaburu wasingaliukuta uwanda umekaa kama shamba lisilo na mwenyewe.

Shuleni tulifundishwa kwamba Koitalel alikuwa shujaa na mtabiri. Yote mawili yamesemwa sana. Leo nataka kumweleza kwa upande ambao hautajwi mara nyingi, nao ni upande wa mtaa: jinsi majirani wa Nandi walivyokuwa wamejipanga, na jinsi mtu mmoja alivyoweza kuyafunga mabaraza yao pamoja kwa miaka 10 mbele ya dola iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani.

UKOO WA TALAI

Kabla sijaenda mbali, nieleze jambo moja kwa ndugu zangu Waislamu. Koitalel alikuwa na cheo kinachoitwa orkoiyot. Mwenye cheo hicho aliaminiwa kuona mambo ya mbele, kuleta mvua, kubariki vita na kulaani. Sisi tunajua kwamba ghaibu haijui ila Mwenyezi Mungu, wala sina haja ya kumshawishi mtu vinginevyo. Nayasimulia kama yanavyosimuliwa na wenyewe, kwa sababu bila ya hayo habari ya mtu huyu haieleweki.

Ukoo wa Talai haukuwa wa Kinandi asili yake. Ulitoka kwa Wamaasai, ukapokewa Nandi, na katika karne ya 19 ukapata cheo hicho cha orkoiyot. Baba yake Koitalel, Kimnyole arap Turukat, alikuwa mashuhuri kuliko waliomtangulia. Wazee wanasema ndiye aliyetabiri kwamba watakuja watu wageni, na kwamba nyoka mkubwa atatambaa kutoka mashariki akitema moto na moshi mpaka afike kunywa maji ya ziwa. Reli ilipokuja, kila mtu alikumbuka maneno hayo.

Lakini Kimnyole hakuishi kuiona. Mnamo mwaka 1890 nchi ilipatwa na ukame na maradhi ya ng'ombe, na vijana wengi wakafa katika uvamizi mmoja ambao yeye ndiye aliyeubariki. Watu wakamwona kuwa ndiye chanzo cha balaa. Wakamkamata wakampiga kwa rungu mpaka akafa. Namwomba msomaji asilisahau jambo hili. Watu wa Nandi hawakuwa raia wa mfalme. Walikuwa na mtu waliyemwogopa na kumheshimu, lakini mabaraza yalikuwa yao, na mabaraza yaliweza kumwondoa.

Baada ya mauaji hayo wana wa Kimnyole waliugombea urithi. Kulikuwa na Kipchomber arap Koilegen na kulikuwa na Koitalel. Kila mmoja alikuwa na watu wake, na mvutano ulidumu karibu miaka mitano. Mwaka 1895 Koitalel akashinda, na nduguye akakimbilia kwa Wakipsigis, akawa orkoiyot wao wa kwanza. Hivyo Koitalel alikalia kiti ambacho damu ya babaye ilikuwa bado haijakauka juu yake, na majirani waliomwaga damu hiyo ndio aliotakiwa kuwaongoza. Mimi naona hapo ndipo penye siri ya uongozi wake. Alijua tangu siku ya kwanza kwamba yeye ni mtu wa kukubaliwa, na kwamba anayekubaliwa leo aweza kukataliwa kesho.

KOKWET

Sasa nielezee mabaraza hayo. Wanandi hawakujenga miji kama sisi. Kila mtu alikaa kwenye boma lake, mlima huu na ule, na baina ya boma na boma kuna shamba au kichaka. Mgeni akipita huona watu waliotawanyika, kila mmoja na lake. Kumbe sivyo. Maboma yaliyo jirani, pengine 20, pengine yakakaribia 100, yalikuwa ni kitu kimoja kilichoitwa kokwet. Neno hilo maana yake ni mtaa, na ni baraza la mtaa vilevile. Walikutana chini ya mti. Kila mtu mzima wa kiume wa mtaa ule alikuwa na haki ya kuja na kusema. Akina mama hawakuwa na sauti ndani ya duara hilo, na hilo nalisema wazi kwani si sifa. Aliyeongoza mazungumzo alikuwa mzee aliyejulikana kwa busara na kwa kuzijua sheria. Hakuitwa mkubwa wala hakulipwa. Watu walimsikiliza kwa sababu hukumu zake za nyuma zilikuwa zimeonekana.

Na mambo yenyewe yalikuwa yapi? Yale yale ya kila mtaa duniani. Ng'ombe wa fulani wameingia shamba la fulani. Maji ya mto yanachotwa wapi na mifugo inywe wapi. Nani amesogeza mpaka. Boma gani limeungua na nani watalijenga upya. Mjane gani hana wa kumlimia. Hapakuwa na kura. Walizungumza mpaka wakakubaliana, na kama hawakukubaliana leo, walikuja kesho. Sisi tulio na mabaraza ya mawe mbele ya nyumba zetu za pwani, na tuliofundishwa kwamba mambo ya watu ni ya kushauriana baina yao, hatuhitaji kuelezwa sana faida yake. (Mwaka 2013 serikali ilipoleta mpango wa Nyumba Kumi, maofisa walizunguka wakiwaelimisha wananchi juu ya jambo geni kabisa, kwamba majirani wajuane. Wazee wa huku walikaa kimya wakasikiliza.)

Juu ya kokwet palikuwa na baraza kubwa zaidi liitwalo pororiet, lililokusanya mitaa mingi. Hili ndilo lililoamua habari za vita na amani na sherehe, na vijana wa pororiet moja walipigana pamoja. Ndani ya kila pororiet orkoiyot aliweka wajumbe wake wawili walioitwa maotik. Kazi yao ilikuwa kupeleka na kuleta: kumwambia orkoiyot watu wanasema nini, na kuwaambia watu orkoiyot anaona nini. Hawakuwa magavana wala hawakukusanya kodi. Orkoiyot mwenyewe hakukaa katika baraza kuhukumu kesi za mipaka, na sehemu yake aliipata katika ngawira.

Ukiutazama mpango huu kwa haraka utasema ni dhaifu, kwani hauna jeshi, hauna ngome, hauna hazina. Waingereza waliutazama hivyo hivyo. Walikuwa wamezoea kwamba ukimpiga mfalme na kuiteka ikulu, nchi yote inainua mikono. Nandi hapakuwa na ikulu. Ukichoma mtaa mmoja, mitaa ya jirani inawapokea waliounguliwa na kuwagawia ng'ombe, na baada ya miezi michache mtaa ule umesimama tena.

WATU WETU WALIKUWA UPANDE WA PILI

Hapa nafika mahali ambapo kalamu yangu inakuwa nzito.

Misafara ya pwani ilikuwa ikijua njia za huku kabla ya Mzungu. Joseph Thomson alipopita kwenda kwa Wawanga mwaka 1883, aliyemwonyesha njia alikuwa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wetu wa Pangani. Mumias palikuwa kituo cha biashara na baadaye kituo cha dini. Lakini Nandi haikupitika kwa urahisi. Wanandi waliwahi kupigana na misafara na kuishinda, na wafanyabiashara wakajifunza kuzunguka mbali. Hawakuwa na chuki ya bure. Misafara ilikuja na bunduki, ikitaka pembe na wakati mwingine ikitaka watu, na kila tukisoma habari hizi ni vizuri tukumbuke.

Mwaka 1895, mwaka ule ule Koitalel alipokubaliwa, mfanyabiashara Mwingereza aitwaye Peter West alivamiwa Nandi akauawa yeye na wapagazi wake wengi. Serikali ikaleta jeshi la kulipiza. Askari wa jeshi hilo wengi wao walikuwa Wasudani, wale ambao watoto wao leo tunawaita Wanubi, walioachwa kusini na Emin Pasha na kuchukuliwa na Lugard mwaka 1891. Walikuwa Waislamu. Waliswali alfajiri wakiwa kambini, kisha wakaenda kuchoma maboma. Mwaka 1897 wengi wao waliasi kule Ravine kwa kuchoshwa na safari zisizokwisha na mshahara mdogo, wakapita hapa hapa Nandi kuelekea Busoga. Baadaye jeshi la Keya liliposhika kazi, ndani yake mlikuwamo Wasudani, Waswahili na Wamanyema. Kwa hiyo habari ya Koitalel si habari ya Mzungu na Mnandi peke yao. Sisi pia tulikuwamo, na hatukuwa upande wake.

NYOKA WA CHUMA

Reli ilianza Mombasa mwaka 1896 na ikafika ziwani Desemba 1901. Sehemu ya mwisho ilipita bondeni chini ya milima ya Nandi, na nyaya za simu zikapita kando yake. Wanandi wakaona nyaya zile ni mapambo mazuri kwa wake zao, na misumari ya reli ni chuma kizuri kwa wahunzi. Watu wa serikali wakaona ni wizi. Mimi nadhani yote mawili yalikuwa kweli, lakini kulikuwa na la tatu: kila waya uliokatwa uliwakatia maofisa habari, na hilo watu wa Koitalel walilielewa upesi.

Kampeni zilikuja moja baada ya nyingine, 1895, 1897, 1900, 1903. Kila mara serikali ilichoma nyumba na kuteka mifugo, ikaandika barua kwamba Nandi imetulia. Kila mara baada ya mwaka au miwili mambo yakaanza upya. Wanandi walipigana usiku, walipigana kwenye mvua, walipigana mahali penye misitu na mabonde ambapo bunduki haioni mbali. Habari ilitoka mtaa hadi mtaa kwa kasi ambayo maofisa walidhani ni uchawi. Ilikuwa kokwet ikifanya kazi yake.

Nisije nikamtia msomaji kwenye hadithi. Si Wanandi wote waliopigana kila mara. Baraza lililokuwa mbali na reli liliona vita vile haviwahusu sana, na mengine yalifanya sulhu yao. Watu wa Kamelilo na Kapchepkendi, waliokaa upande wa reli, ndio waliobeba mzigo mkubwa. Koitalel hakuwa na uwezo wa kuwalazimisha waliobaki. Alituma maotik, akashauri, akangoja. Mwenye kutaka kiongozi wa kuamrisha hatamwona hapa. Hata hivyo, mtu asiyeweza kuamrisha aliwaweka watu katika vita kwa miaka 10, na hiyo ni kazi ngumu kuliko kuamrisha.

TAREHE 19 OKTOBA

Mwaka 1905 serikali iliazimia kuimaliza Nandi. Iliandaa askari zaidi ya elfu moja, wapiganaji wa Kimaasai, bunduki za bombomu na gari moshi zenye silaha. Lakini kabla jeshi halijaanza, ofisa mmoja kijana wa Keya, Richard Meinertzhagen, alikuwa amekwisha elewa kitu ambacho wakubwa wake hawakukielewa. Mabaraza ni mengi na hayawezi kuuawa. Fundo linaloyafunga ni moja.

Akapeleka habari kwamba anataka mazungumzo ya sulhu. Mahali palipochaguliwa ni kilima cha Kaidparak, karibu na mahali palipo mji wa Nandi Hills. Wakakubaliana kila upande uje na watu wachache. Koitalel alikuja na wazee na watu wake wa karibu. Wazee wa Nandi wanasimulia kwamba alikuja ameshika majani mkononi, nayo majani kwa watu hawa ni alama ya amani, mtu hapigwi akiwa ameyashika. Meinertzhagen alikuja na askari wachache, lakini wengine aliwaficha na bunduki zao zikielekezwa pale. Katika kukaribiana na kupeana mikono, risasi zikalia. Koitalel akaanguka, na pamoja naye wenzake zaidi ya 20.

Meinertzhagen aliandika kwamba yeye ndiye aliyetegewa mtego, na kwamba aliwahi tu. Maneno hayo yamo katika shajara yake aliyoichapisha mwaka 1957. Wakati ule serikali yenyewe ilimfanyia uchunguzi mara tatu, ikamsafisha kwenye karatasi, kisha ikamwondoa nchini, na hilo lenyewe linatosha kueleza serikali iliamini nini. Baadaye wachunguzi waligundua kwamba bwana huyo alikuwa na tabia ya uwongo hata katika mambo madogo: aliiba ndege waliokaushwa katika majumba ya makumbusho na kuwaandikia tarehe na mahali pa uwongo. Mtu wa kusema uwongo juu ya ndege hashindwi kusema uwongo juu ya mtu.

Mauaji yakifanywa katikati ya sulhu ni jambo ambalo hata katika zama za ujinga Waarabu waliona ni aibu. Katika dini yetu aliyepewa amani damu yake ni haramu, na ahadi na adui ni ahadi. Wale askari Waislamu waliolala majanini siku ile walilijua hilo. Wala siwahukumu, kwani askari hutii. Nasema tu kwamba walilijua.

Fimbo zake za uongozi zilichukuliwa zikapelekwa Uingereza. Wazee wanasema na kichwa chake kilikatwa kikachukuliwa.

Siku chache baadaye jeshi likaingia. Vita viliendelea mpaka mwanzoni mwa 1906. Wanandi zaidi ya elfu moja waliuawa, na ng'ombe zaidi ya elfu kumi walichukuliwa, mbali na kondoo na mbuzi. Watu wa kusini walihamishwa na kusukumwa kaskazini katika eneo walilotengewa, na ardhi iliyo karibu na reli ikawa si yao tena. Miaka miwili na nusu baadaye Makaburu wakaja Uasin Gishu.

KILICHOBAKI

Serikali ilidhani fundo limefunguka na kamba zote zimelegea. Ikaweka machifu wa kuteuliwa. Machifu wale walikuwa watu wa serikali, na watu waliwatii kwa mambo ya kodi. Lakini ng'ombe akiingia shamba la jirani, hawakwenda kwa chifu. Walikwenda chini ya mti. Kokwet haikuwahi kupigwa marufuku kwa sababu hakuna ofisa aliyeiona kuwa ni kitu.

Mwanawe Koitalel, Barsirian arap Manyei, aliinuliwa kuwa orkoiyot mwaka 1919. Wakati huo shida zilikuwa nyingi: ardhi imechukuliwa wapewe askari wa Kizungu waliotoka vitani, kodi imepanda, na karantini ya ng'ombe imewazuia watu kuuza mifugo. Mwaka 1923 ilipangwa sherehe kubwa ya kukabidhiana rika, inayowakusanya watu kutoka kila pororiet. Serikali ikakumbuka mambo ya baba, ikaogopa, ikaipiga marufuku, na Manyei akakamatwa. Alikaa kizuizini zaidi ya miaka 40, pamoja na muda aliowekwa kisiwani Mfangano, akatoka nchi ikiwa imekwisha pata uhuru. Alifariki mwaka 1974. Sisi tunaowataja mashujaa wa kizuizini kila Oktoba, wangapi wetu tunalitaja jina lake? Na upande wa Wakipsigis, ukoo huo huo wa Talai ulihamishwa katika miaka ya 1930 ukapelekwa Gwassi, wazee kwa watoto.

Huku Eldoret mji ulikua juu ya ardhi ile. Reli ilifika mwaka 1924. Wakaja Wahindi wa maduka, Waluhya, Wakikuyu, Wajaluo, Wanubi, na sisi wa pwani wachache wenye kanzu na kofia. Agosti 2024 Eldoret ikapandishwa hadhi ikawa jiji. Mitaa yake ni ya watu mchanganyiko na kokwet ya zamani haina nafasi ya kukaa kama ilivyokuwa, lakini nimeona kivuli chake. Mfereji ukiziba, bomba likipasuka, au maji ya mto Sosiani yakijaa, kuna mzee atakayezunguka milango akisema saa kumi tukutane. Hana mshahara wala muhuri.

Wala sitaki kuisifia kokwet kupita kiasi. Watu waliojipanga vizuri wanaweza kujipanga kwa mema na wanaweza kujipanga kwa maovu. Januari 2008 tulikuwa hapa. Tarehe 1 ya mwezi huo kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, lilichomwa moto na watu makumi wakafia ndani, wengi wao wanawake na watoto waliokimbilia humo. Siku zile palikuwa na mikutano ya wazee iliyowatuma vijana barabarani, na palikuwa na mikutano ya wazee iliyowarudisha nyumbani. Katika mtaa wangu tulikaa usiku nje, Mnandi, Mluhya, Mkikuyu mmoja ambaye hakukubali kuondoka, imamu wetu na mimi, tumewasha moto, tumekubaliana kwamba hapiti mtu tusiyemjua. Hatukuwa mashujaa, na mtaa wa tatu kutoka kwetu nyumba zilichomwa. Ninalojua ni kwamba sisi tulikuwa tumezoea kukutana kwa habari ya taka na mfereji, na wale hawakuzoea.

Jirani mmoja niliyekesha naye ni mzee wa Kinubi. Babu yake alikuwa askari wa Keya, na hilo hakunificha. Mwaka 2006 fimbo za Koitalel zilikuwa zimerudishwa kutoka Uingereza, na Nandi Hills pakajengwa makumbusho na kaburi la kumbukumbu yake. Mzee huyu kila mara alikuwa akisema ipo siku atakwenda kuziona. Baada ya fujo kutulia tukaenda pamoja. Tulipita Kapsabet, na kutoka hapo njia yote ni majani chai pande mbili.

Kichwa cha marehemu hakijarudishwa mpaka leo, na wazee wa Nandi bado wanakidai. Mzee wangu alisimama mbele ya fimbo muda mrefu. Mzee mwenyeji aliyekuwa pale alimsalimu, akamuuliza anatoka wapi. Akajibu kwamba anatoka Eldoret. Akaulizwa wazee wake ni watu wa wapi. Hapo akanyamaza kidogo, kisha akasema kweli: ni watu wa Keya, walioletwa na Waingereza. Yule mwenyeji aliitikia kwa kichwa, akamwuliza kama amechoka, akamwonyesha benchi, wakakaa. Walizungumza karibu saa nzima, na kwa kiasi nilichosikia, sehemu kubwa ilikuwa habari ya ng'ombe na bei ya maziwa.

Wakati wa kurudi hakusema neno mpaka tulipofika Mosoriot. Hapo aliniomba nisimamishe gari anunue mahindi ya kuchoma, na alasiri ilikuwa imeingia.